Mimba ya uongo ya sungura: Siku 17 zinazogombanisha wauzaji na wanunuzi

KATIKA masoko ya wilaya ya Rusizi, sungura jike anayesemekana kuwa na mimba huuzwa kwa bei ya juu kuliko jike mtupu. Anayenunua hanunui mnyama mmoja. Kichwani mwake ameshahesabu na vitoto 6 au 8 vilivyo tumboni. Ndiyo maana siku zikipita bila kitoto hata kimoja kuonekana, maneno huwa makali, na pengine urafiki wa miaka mingi huvunjika kwa ajili ya mnyama asiyefika hata kilo 4.

Kinachochochea zaidi ugomvi huo ni kwamba sungura mwenyewe hutoa ushahidi. Hukusanya majani mdomoni, hujinyonyoa manyoya ya tumbo, hutengeneza kiota, na chuchu zake huvimba, wakati mwingine hadi kutoa maziwa. Kila mwenye macho anaona kuwa huyu anazaa leo au kesho. Kesho inapita, keshokutwa inapita, kiota kinabaki kitupu.

Mnunuzi hurudi sokoni na kusema: "Mama, uliniuzia sungura mgumba." Muuzaji hujibu: "Kaka yangu, mimi nilikupa mwenye mimba. Labda amekula watoto wake wewe ukiwa umelala." Wa tatu, ambaye wala hakuulizwa, huongeza kwamba katika nyumba hiyo kuna jicho baya.

Ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna mwizi, hakuna mchawi na hakuna watoto walioliwa. Ipo hali ambayo wataalamu wa mifugo huiita mimba ya uongo. Vijana wangeweza kuiita mimba hewa, kama tunavyosema wafanyakazi hewa: jina liko kwenye orodha ya mshahara, mtu mwenyewe hayupo. Makala haya yanaeleza hali hiyo inatokana na nini, inadumu siku ngapi, na jinsi kuhesabu siku kunavyoweza kumaliza ugomvi kabla haujafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kwa nini sungura

Umurenge wa Nyakabuye uko kwenye vilima vinavyoteremka kuelekea bonde la Bugarama, jirani na msitu wa Cyamudongo. Wengi wanalijua jina lake kwa ajili ya chemchemi za maji moto za Mashyuza. Ukiteremka unakuta mashamba ya mpunga ya Bugarama, na mbele yake mipaka ya Kamanyola upande wa Kongo na Ruhwa upande wa Burundi. Ukielekea kaskazini unafika Kamembe, na ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu. Ni nchi ya watu wanaohama na watu wanaochuuza.

Wengi wetu tuliorejea kutoka Karagwe, Ngara na kwingineko Tanzania, iwe baada ya mwaka 1994 au mwaka 2013 wakati Wanyarwanda wengi walipotakiwa kuondoka huko, tulizoea kuona ng'ombe wakichungwa kwenye mbuga pana. Huku mbuga hizo hazipo. Kilima kimoja kina nyumba nyingi, na kiwanja cha familia kinaweza kuishia pale kivuli cha mgomba kinapoishia. Mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, umezipatia familia nyingi maskini ng'ombe, lakini ng'ombe huyo anataka majani mengi kila siku na mtu wa kumkatia. Sungura, au urukwavu kama tunavyomwita nyumbani, anatosheka na kizimba cha mbao nyuma ya jiko, majani ya viazi vitamu na nyasi zilizonyaushwa. Samadi yake inarutubisha bustani ya mboga. Ada na madaftari ya watoto wengi hutoka humo.

Kwa waliosoma Tanzania, sungura si mgeni. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilizifanya shule nyingi ziwe na shamba na mifugo. Shule niliyosoma ilikuwa na mabanda ya sungura nyuma ya madarasa, na zamu ya kukata majani ilipangwa kama zamu ya kufagia. Somo la Sayansi tulifundishwa kwa Kiswahili. Tulijua kulisha na kusafisha. Habari ya homoni haikufika kwenye mabanda yale, na nadhani haijafika kwenye mabanda mengi ya Nyakabuye hadi leo. Ndiyo habari ninayotaka kuileta hapa.

Yai linalosubiri kupandwa

Ng'ombe ana kalenda yake. Kila baada ya siku 21 hivi, kama hana mimba, huingia kwenye joto na yai hupevuka na kutoka, awe na dume karibu au asiwe naye. Mwanamke naye ana mwezi wake. Sungura hana kalenda ya namna hiyo. Mayai yake hukaa tayari ndani ya ovari, lakini hayatoki mpaka apandwe. Paka na ngamia nao wako hivyo.

Jike akishapandwa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo huiamuru tezi ndogo iliyo chini yake, inayoitwa pituitari, imwage kwenye damu homoni inayojulikana kwa kifupi kama LH. Homoni tunaweza kuifananisha na barua: huandikwa mahali pamoja, husafirishwa na damu, na kusomwa mahali pengine. Barua hii husomwa na ovari. Vifuko vilivyobeba mayai hupasuka, na mayai hutoka baada ya muda wa saa 10 hadi 12 tangu jike apandwe.

Msomaji azingatie jambo moja, maana ndilo kiini cha makala haya. Barua ya LH hutumwa kwa sababu ya tendo la kupandwa, si kwa sababu ya mbegu za dume. Ubongo wa sungura hauwezi kujua kama dume huyo ana mbegu nzima au zilizoharibika. Haujui hata kama aliyempanda ni dume au ni jike mwenzake. Ukishaguswa, unatuma barua.

Mimba ya kweli: Siku 31

Kila kifuko kilichotoa yai hakifi. Hugeuka kuwa kitezi kidogo ambacho wataalamu hukiita kitezi cha njano. Kazi yake ni kutengeneza homoni ya projesteroni, na hiyo ndiyo mlinzi wa mimba. Huandaa ukuta wa mji wa mimba upokee vijusi, huutuliza usijikaze na kuvitupa nje, na pamoja na homoni nyingine hukuza matiti.

Kama dume alikuwa na mbegu nzuri, mayai hurutubishwa, na ifikapo siku ya 7 hivi vijusi hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kuanzia hapo vijusi na makondo yao huutangazia mwili kwamba wapo. Kwa sababu ya tangazo hilo vitezi vya njano huendelea kufanya kazi, na projesteroni hubaki juu kwa majuma yote 4 ya mimba.

Hapa sungura anatofautiana na binadamu. Kwa mwanamke, kondo la nyuma huchukua kazi ya kutengeneza projesteroni baada ya miezi michache ya kwanza. Kwa sungura, vitezi vya njano vinahitajika mpaka siku za mwisho. Vikikoma mapema, mimba hutoka.

Siku 2 au 3 kabla ya kuzaa mizani hugeuka. Projesteroni hushuka haraka, estrojeni hupata nguvu, na homoni ya maziwa, prolaktini, hupanda. Mgeuko huo ndio unaomfanya jike abadili tabia. Manyoya ya tumbo na kifua hulegea, naye huyanyonyoa na kuyatandika juu ya majani aliyokwisha kuyakusanya. Kisha homoni nyingine, oksitosini, hukaza mji wa mimba na watoto huzaliwa, kwa kawaida kati ya siku ya 30 na ya 32. Huzaliwa uchi na vipofu, na manyoya yale ndiyo blanketi lao. Mama huwanyonyesha kwa dakika chache tu, mara moja kwa siku. Anayemwona hayuko kiotani mchana kutwa asidhani amewatupa.

Mimba ya uongo: Siku 16 hadi 18

Sasa tuchukue jike aliyepandwa, mayai yakatoka, lakini hayakurutubishwa. Vitezi vya njano vinaundwa vilevile. Projesteroni inapanda vilevile. Mji wa mimba unaandaliwa na matiti yanakua. Kwa siku 10 au 12 za mwanzo hata mwili wa sungura mwenyewe haujui tofauti. Jike hutulia, mara nyingi humkataa dume, na akilazimishwa kwa kawaida hashiki mimba. Mwenye sungura anapoona dume amekataliwa hufurahi na kusema: huyu tayari.

Lakini tumboni hakuna wa kutangaza kuwa yupo. Mji wa mimba, usiposikia tangazo la vijusi, hutoa kemikali iitwayo prostaglandini inayoviamuru vitezi vya njano vikome. Watafiti walilithibitisha hilo walipoutoa mji wa mimba kwa upasuaji kwa sungura wenye mimba ya uongo: vitezi vyao viliendelea kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa aliyekuwa anatoa amri ya kufunga hakuwapo tena.

Vitezi vinapokoma, projesteroni hushuka, na prolaktini hupata nafasi. Huu ni mgeuko uleule wa siku za mwisho za mimba ya kweli, ila umekuja nusu ya safari, kati ya siku ya 16 na ya 18. Mwili unausoma kama kawaida. Jike ananyonyoa manyoya, anajenga kiota, maziwa yanachuruzika. Hadanganyi mtu yeyote. Anatii barua iliyofika bila mzigo wake.

Kwa hiyo manyoya yaliyonyonyolewa si ushahidi wa mimba. Ni ushahidi wa kushuka kwa projesteroni, basi. Swali la kuuliza ni moja: leo ni siku ya ngapi tangu apandwe?

Wanaosababisha ni nani

Wa kwanza ni dume. Kama ilivyo katika nyumba nyingi za watu, asiyezaa akionekana, wa kwanza kulaumiwa ni jike. Jike huchinjwa na dume huendelea kuishi. Wakati mwingine ilitakiwa iwe kinyume chake. Dume aliye mzee mno, aliye mdogo mno, mgonjwa, au anayepandishwa mara nyingi kwa siku moja, anaweza kupanda vizuri kabisa bila kuacha mbegu inayofaa.

Joto nalo lina sehemu yake kubwa. Sungura havumilii joto. Likizidi nyuzi 30 za sentigredi kwa siku nyingi, mbegu za dume hupungua na kuharibika, na athari hiyo hudumu majuma kadhaa hata baada ya hali ya hewa kupoa, kwa kuwa mbegu mpya huchukua muda kutengenezwa. Bonde la mto Rusizi ndilo eneo la chini kuliko yote nchini, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila anayeteremka kutoka Nyakabuye kwenda Bugarama mchana analijua jua lake. Banda la bati lisilo na dari wala kivuli cha mti huliongeza joto hilo. Mwenye dume bondeni, akiona majike matatu mfululizo yamenyonyoa manyoya siku ya 17, asitafute mganga. Aangalie paa la banda.

Wa pili ni majike wenyewe. Majike yaliyokomaa yakiwekwa pamoja hupandana ili kutafuta ukubwa. Jike anayepandwa na mwenzake anaweza kutoa mayai kana kwamba amepandwa na dume. Wakati mwingine hata anayepanda hutoa yake.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanapoingia. Sungura husafirishwa kwa tenga au kreti, majike matano sita pamoja, juu ya baiskeli au pikipiki, kutoka vilimani hadi sokoni, na pengine hushinda humo tangu asubuhi hadi jioni. Ndani ya tenga hilo majike wageni hupandana. Mimba ya uongo huanza hapo, saa ileile mnunuzi anapohesabu noti zake. Anafika nyumbani na sungura mzuri, mwenye afya, ambaye kwa majuma 2 na zaidi humkataa dume. Siku ya 17 tangu soko ananyonyoa manyoya. Mnunuzi anamlaani aliyemuuzia, na aliyemuuzia anaapa kwamba jike huyo hakuwahi kuonana na dume. Wote wawili wanasema kweli.

Sungura aliyewafundisha madaktari

Tusidhani haya ni mambo ya mabandani tu. Sehemu kubwa ya elimu ya mimba ya binadamu ilipatikana kwa sungura, kwa sababu hiyohiyo kwamba mayai yake yanasubiri. Mtafiti akijua saa ambayo jike alipandwa, anajua saa ambayo mayai yatatoka.

Mwaka 1903 daktari Mjerumani, Ludwig Fraenkel, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kuwa vitezi vya njano vya sungura mwenye mimba vikiharibiwa, mimba hupotea. Mwaka 1929 Wamarekani wawili, George Corner na Willard Allen, walionyesha kwamba mimba ya sungura aliyeondolewa ovari inaweza kulindwa kwa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye vitezi hivyo. Mwaka 1934 homoni yenyewe ilipatikana ikiwa safi, na jina la projesteroni likafuata.

Mwaka 1931, huko Pennsylvania, Maurice Friedman na mwenzake Maxwell Lapham walitangaza kipimo cha mimba ya wanawake kinachotumia sungura. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwenye mshipa wa sungura jike asiyewahi kupandwa. Kama mwanamke alikuwa na mimba, homoni iliyomo kwenye mkojo wake ilifanya kazi kama ile ya LH, na ovari za sungura zilionyesha dalili za kutoa mayai. Daktari alilazimika kumpasua mnyama ili aone, hivyo sungura alikufa, jibu liwe ndiyo au hapana. Kijiti cha kupima mkojo kinachouzwa leo katika maduka ya dawa ya Kamembe kinatafuta homoni hiyohiyo, bila kumuua mtu wala mnyama.

Hata binadamu hupatwa na mimba ya uongo, ingawa si mara nyingi na sababu zake si hizi za sungura. Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza alivimba tumbo na kungojea mtoto mwaka 1555. Kitanda cha kujifungulia kilitandikwa, mtoto hakuja. Kama malkia mwenye waganga wote wa ufalme wake aliweza kukosea hesabu, mama wa sokoni asihukumiwe haraka.

Kalenda iamue

Tuchukue mfano. Muuzaji anasema jike amepandwa tarehe 1 Juni. Siku ya kuzaa itakuwa kati ya tarehe 1 na 3 Julai. Unamnunua tarehe 15 Juni. Tarehe 18 Juni ananyonyoa manyoya. Hesabu: ni siku ya 17. Usiandae karamu. Kama hakuna watoto kufikia tarehe 20, hiyo ni mimba ya uongo. Jike alipandwa kweli, kama muuzaji alivyosema, lakini mbegu hazikufaa. Muuzaji si mwongo. Ana dume wa kuchunguzwa.

Sasa tuseme jike huyohuyo anakaa kimya, na ananyonyoa tarehe 2 Julai. Tangu apandwe ni siku ya 31, siku yake halali ya kuzaa. Lakini hesabu pia tangu soko: ni siku ya 17. Akizaa, shauri limekwisha. Asipozaa, na kiota kikawa hakina damu wala mabaki yoyote, huenda hakuwa na mimba alipouzwa, na kilichotokea kilianzia kwenye tenga. Ni kweli pia kwamba mimba changa huweza kuharibika na kufyonzwa mwilini kwa sababu ya ugonjwa, joto au safari mbaya. Ndiyo maana shauri hili linataka tarehe mbili, ya kupandwa na ya kuuzwa, na asiye na tarehe hana kesi.

Njia iliyo bora ni kupima kabla ya kulipa. Kati ya siku ya 12 na ya 14 tangu apandwe, mkono uliozoea unaweza kugusa vijusi. Jike huwekwa juu ya gunia lisiloteleza, mkono mmoja ukishika ngozi ya mabega, mwingine ukipita chini ya tumbo mbele ya mapaja. Kwa vidole vilaini unapapasa kutoka mbele kwenda nyuma. Vijusi huteleza kama gololi laini zilizopangwa mstari pande mbili za tumbo. Kinyesi ni kigumu zaidi, kidogo zaidi, na kiko juu karibu na uti wa mgongo. Usibane, maana kubana kunaua. Mwenye shaka amwombe veterineri wa umurenge amfundishe mara moja. Baada ya hapo ni ujuzi wake wa maisha.

Kumpeleka jike kwa dume ili kuona kama atakataa si kipimo. Mwenye mimba ya uongo hukataa, na mwenye mimba ya kweli wakati mwingine hukubali.

Kwa muuzaji, kadi ndogo ya karatasi ngumu inatosha: tarehe ya kupandwa, dume gani, tarehe ya kupapaswa na matokeo. Atakayeuza sungura na kadi yake atauza kwa bei nzuri na atalala usingizi. Kwa mchuuzi, agawanye tenga kwa vibao au matawi ili kila jike liwe na chumba chake. Gharama yake ni misumari michache. Na anayevusha wanyama mpakani asisahau kuwa hati ya afya ya mifugo haisemi lolote juu ya tarehe ya kupandwa. Hiyo ni kazi ya kadi.

Ukikuta ni mimba ya uongo

Usimchinje. Mimba ya uongo si ugonjwa, huisha yenyewe, na haimaanishi kuwa jike ni mgumba. Kinyume chake, imethibitisha kwamba ovari zake zinafanya kazi. Haihitaji sindano wala mitishamba. Mwache na kiota chake siku moja au mbili, usikamue maziwa, mpe maji na nyasi za kutosha.

Baada ya siku ya 18, projesteroni ikiwa imeshuka, jike mara nyingi huwa tayari kupokea dume. Tazama sehemu yake ya uzazi: ikiwa nyekundu na imevimba kidogo, mpeleke kwenye banda la dume, na safari hii chagua dume ambaye watoto wake unawajua. Andika tarehe. Jike uliyemnunua sokoni mtenge peke yake siku 18 kabla ya kumpandisha kwa mara ya kwanza, ili kama kuna barua iliyotumwa ndani ya tenga, iishe kazi yake kwanza. Na yule aliyepapaswa akaonekana ana mimba, akifikisha siku ya 34 bila kuzaa, mwite veterineri. Hilo ni jambo jingine.

Hasara ya mimba ya uongo si kubwa ikitambuliwa mapema. Isipotambuliwa, mbili mfululizo zinakula siku 34 au zaidi, yaani muda wa uzazi mmoja mzima, na kwa familia inayongoja ada ya muhula hizo ni siku nyingi. Hasara kubwa zaidi ni ile ya jike zuri kuchinjwa kwa kosa la dume, au ya jirani kuitwa mwizi kwa kosa la tenga. Penseli na kalenda ya ukutani vinatosha kuzuia zote mbili.